Sahani ya Dirisha la Tano

Mimi nikiwatazama watu wawili mara moja tu, hujua papo hapo kama watapendana. Sijawahi kukosea hata siku moja, isipokuwa mara nne, na mbili kati ya hizo bibi harusi nilikuwa mimi mwenyewe. Lakini hawa wawili nilipatia. Nilichokosea kwao ni jambo dogo: nilidhani itakuwa rahisi.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, siku ya kazi, stesheni ya treni imejaa watu mpaka viatu vinakanyagana. Foleni tano, madirisha matano. Dirisha la nne lilikuwa na mwanamume wa miaka thelathini na minne, shati jeupe limemkaba tumboni, kifungo cha tatu kinamwomba Mungu. Watu walimwita Dirisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mahali pengine. Miaka tisa alikuwa nyuma ya kile kioo. Akinyoosha mikono yote miwili, aligusa kuta zote mbili. Treni alizisikia zikiondoka, hakuziona. Kitu alichoweza kufanya mle ndani bila kusimama kilikuwa kimoja tu, nacho ni kula.

Mbele yake akasimama dada mmoja, gauni la kijani lenye kola nyeupe, nywele zimesukwa kwenda nyuma, begani begi zito limelala upande kwa sababu lilibeba mizani ya kupimia watu.

"Kaka," alisema kupitia tundu la kioo, "tiketi yangu ina mafuta."

"Samahani, dada. Hiyo ni zawadi ya stesheni."

"Zawadi ya keki?"

"Umejuaje kama ni keki?"

"Nyingine ipo shavuni."

Foleni ikacheka. Dirisha akajifuta shavu, akakosea shavu, akafuta lisilo na keki. Dada akaonyesha kwa kidole upande wa pili, naye mwenyewe akacheka, na meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya. Hapo ndipo nilipopatia.

"Na kabla ya keki ulikula nini?" dada akauliza.

"Wewe ni askari?"

"Mshauri wa lishe." Akapenyeza kadi yake tunduni.

"Jamani!" mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Wengine tunakwenda kazini! Mtongozane Jumapili!"

Dada akaenda zake. Dirisha akakaa akiitazama ile kadi mpaka mzee akagonga kioo kwa fimbo.

Pengine ingeishia hapo, kama isingekuwa barua. Mara mbili Dirisha alikuwa ameomba kusomea udereva wa treni, mara mbili akanyimwa. Safari hii walimkubali, kwa sharti la kupimwa afya baada ya wiki kumi na mbili. Daktari wa shirika la reli alivitazama vipimo vyake vya awali, akatikisa kichwa. "Sukari yako imefika mpakani. Bado si ugonjwa, lakini iko mlangoni inavua viatu. Presha nayo imepanda. Ukija hivi siku ya kipimo, sikupitishi. Na mwakani umri wako wa kuomba umekwisha."

Maana yake mnaijua. Asipopita, atazeekea nyuma ya kile kioo. Jioni ile ile akaitafuta ile kadi.

Ofisi ya mshauri ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa: meza, viti viwili, mizani sakafuni, utepe wa kupimia kiuno umening'inia msumarini kama wa fundi cherehani. Dirisha alifika akiwa ameshaaga vyakula vyote avipendavyo, kimoja baada ya kingine, tangu alfajiri. Alikuwa na huzuni na kiungulia.

"Nipe orodha," alisema alipoketi.

"Orodha gani?"

"Ya nilivyokatazwa."

"Mimi sikatazi. Kwanza nauliza." Na kweli akauliza saa nzima: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, anatembea wapi, anakula akiwa na njaa au akiwa amechoshwa, daktari amesema nini, kuna dawa anazomeza. Yote akayaandika.

"Una ndugu?"

"Sina. Mimi ni mtoto wa pekee. Naishi na mama."

"Mke? Mchumba?"

"Dada, mimi naonekana kiunoni kwenda juu tu. Nani anichumbie nusu?"

Akainamisha uso daftarini asionekane anacheka. "Nani anapika?"

"Mama."

"Nani anapakua?"

"Mama."

"Na nani anaamua kwamba umeshiba?"

"Mama."

Mshauri akapigia mstari neno hilo. Halafu akamweleza kazi ilivyo. Vipimo na dawa ni vya daktari, wao wawili kazi yao ni sahani. Nusu ya sahani mboga, robo wali au viazi, robo maharage au samaki au yai. Kila wiki wangebadilisha jambo moja tu, wiki ya kwanza sukari ya chai. Kila wiki mbili kupimwa kiuno, kila jioni simu fupi. "Na kila mlo, kabla hujala, unanitumia picha ya sahani. Hata ukila kitu cha aibu. Hasa cha aibu. Mimi si hakimu, nikiona ulivyokula kweli ndipo najua nikusaidie wapi."

"Sawa, Bi Sahani."

"Nani?"

"Samahani. Limeniponyoka."

Basi jina likamganda.

Jioni ya kwanza nyumbani, Dirisha alijipakulia mwenyewe. Mama yake, mjane, mwembamba kama mwiko wake, alisimama mlangoni mwa jiko akaiangalia ile sahani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Ni mshauri wangu tu."

"Mshauri! Miaka yote nimekulea bila mshauri." Mwiko ukashuka. Ukapanda. Ukashuka tena. "Kula baba, kula. Watu watasema sikulishi."

Mlima ulisimama mezani. Akaula wote, maana kuuacha kungekuwa kumkataa mama mbele ya uso wake. Aliipiga picha ile sahani ya kwanza, kabla ya mwiko. Nyingine hakuipiga.

Kesho yake mchana, kwenye chumba kidogo cha mapumziko, alikaa karibu na mama wa dirisha la tano. Huyu alikuwa mtu mzima, mke wa mtu, ana kisukari mwaka wa kumi, na chakula chake kilipangwa vizuri mpaka unaona haya kukila. Kucha nyekundu, bangili mbili, pete. Dirisha yeye alikuwa na mkebe wa mama yake, ambao kifuniko chake kilikuwa hakifungi.

"Dada, niazime sahani yako dakika moja."

"Uile?"

"Niipige picha."

"Mdogo wangu, wenzako wanapiga picha na warembo, wewe unapiga picha na maharage yangu!" Lakini akaisogeza.

Picha ikaenda. Jibu likarudi kabla hajafumba mdomo: *Hongera! Hii sahani nimeipenda sana. Wewe ni mwanafunzi wangu wa kwanza kuelewa siku moja.*

Enyi wasomaji, sifa ni tamu kuliko keki. Aliisoma mara sita. Akasema moyoni, leo tu. Wiki tano zikapita akisema leo tu.

Na zile simu za jioni, zilizotakiwa kuwa za dakika tano, zikaota mizizi.

"Umekunywa maji glasi ngapi?"

"Nane."

"Muongo."

"Sita na nusu. Ile nusu nilikohoa."

"Umetembea?"

"Nimezunguka kiti changu mara mia, Bi Sahani. Kiti kimepungua, mimi bado."

"Mtundu wewe. Haya, kwaheri."

"Kwaheri."

"Mbona hukati?"

"Nakusubiri ukate wewe."

Hakuna aliyekata. Mshauri alikuwa na sheria ya kazi yake, ameibandika mwenyewe ukutani kwa mkono wake: mteja ni mteja mpaka mkataba uishe. Alipoibandika alikuwa hajampenda mtu, kwa hiyo aliibandika vizuri, kwa gundi. Sasa kila jioni aliketi chini ya karatasi ile akihesabu wiki. Zimebaki nane. Zimebaki saba. Mwenzake naye alikuwa amebanwa kwingine: kila picha iliyosifiwa ilimfungia mlango mmoja wa kusema kweli, na siku ya kipimo cha shirika inakuja tu.

Wiki ya tano, mshauri alizungusha utepe kiunoni mwa Dirisha. Ulikuwa pale pale ulipokuwa wiki ya kwanza na ya tatu.

"Vuta pumzi. Toa." Akapima tena. Akageuza utepe kuona kama umevutika. "Haiwezekani. Unakula hivi, halafu kiuno hivi?"

Dirisha akatazama ukuta.

"Rudi kwa daktari," mshauri alisema, na sauti yake ilikuwa na hofu. "Waangalie tezi, waangalie kila kitu. Labda kuna ugonjwa nimeupita. Kama nimekukosesha ile nafasi..." Hakumaliza.

Daktari akapima, hakuona ugonjwa. Mshauri hakukubali. Jumamosi nzima alijifungia ofisini akazifungua picha zote, moja moja, akizikuza, akitafuta kosa lake yeye. Wali ni robo. Mboga ni nusu. Kosa liko wapi? Akakuza zaidi, na pembeni mwa sahani akaona ncha ya kidole. Kucha nyekundu. Akafungua picha nyingine: bangili. Nyingine: mkono mzima, umetulia mezani kama wa mwenye nyumba, una pete. Picha kumi na moja za mchana, mkono ule ule.

Akaifunika simu kifudifudi.

Jumatatu saa sita mchana akampigia. Dirisha alikuwa kibandani, foleni bado ndefu, akapokea kwa kuinama chini ya meza.

"Mteja, habari za mchana," ile sauti ilisema.

"Mteja? Leo mimi mteja?"

"Nilitaka kukuambia mkeo anapika vizuri. Ana mpangilio. Sioni kwa nini ulinihitaji."

"Mke gani?"

"Mwenye kucha nyekundu. Nimemwona mara kumi na moja."

Sasa angalieni mtego wenyewe wa Dirisha: akisema ule mkono ni wa nani, lazima aseme na sahani ni ya nani. Ili asiwe mume wa mtu, sharti awe mwongo. Akachagua njia ya katikati, ambayo haikuwepo.

"Yule... yule ni dada yangu."

"Dada yako." Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Wiki ya kwanza, ukurasa wa pili, swali la nane. Una ndugu? Sina. Mimi ni mtoto wa pekee. Nimeandika kwa mkono wangu."

Foleni ikaanza kugonga kioo. Kibanda kilikuwa kidogo siku zote, lakini siku hiyo kuta zilimkaribia.

"Sina mke!" alipiga kelele. "Sina dada! Sahani si yangu! Ni ya dirisha la tano, naipiga picha halafu nakula mkebe wa mama yangu wote! Kila siku! Nimekudanganya tangu siku ya pili kwa sababu ulinisifu, na mimi hakuna mtu aliyewahi kunisifu kwa kitu chochote!"

Sauti yake ikamrudia kutoka kila kona ya stesheni. Ndipo alipoinua kichwa akaona taa nyekundu ya kipaza sauti cha dirisha inawaka. Watu mia moja walikuwa wakimtazama.

"Angalau kasema," akasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Kutoka dirisha la tano ikatoka sauti: "Na maharage yalikuwa yangu, mashahidi ninao!"

Lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Siku tano mshauri hakupokea simu zake. Siku ya kwanza Dirisha aliomba radhi kwa maneno, yakasomwa, hayakujibiwa. Siku ya pili akaacha maneno. Akatuma picha ya mkebe wa mama, kifuniko kando, mlima wote. Jioni, picha ya sahani ya nyumbani baada ya mwiko. Asubuhi, keki, na pembeni keki ya pili imeumwa. Hakuandika kitu chini yake. Picha kumi na tano za aibu, moja baada ya nyingine.

Jumamosi saa saba mchana mlango wa nyumba ukabishwa. Mama akafungua. Alikuwa yeye, gauni la kahawia limefungwa mpaka shingoni, daftari kifuani kama ngao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemnyima mwanangu chakula?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kuona jiko. Ni sehemu ya kazi."

Dirisha akainuka kwenye kiti. "Bi Sahani..."

"Wiki sita zimepotea," akamkatiza bila kumtazama. "Zimebaki sita. Sikuahidi kitu. Kaa."

"Kaa na wewe," mama akamwambia mgeni, "nikupakulie."

"Asante mama, nimekula."

"Umekula wapi? Kwangu hujala."

Mwiko ukashuka. Ukapanda. Mshauri, mwenye cheti chake na miaka saba ya kazi, akaweka mkono juu ya sahani kuzuia, mwiko ukampita juu ya vidole. Akasema basi mama, mama akasikia ongeza. Akasema nimeshiba, mama akamtazama kwa macho yale, yenye unyevu kidogo pembeni, na mkono wa mshauri ukachukua kijiko wenyewe. Dakika arobaini baadaye sahani ilikuwa tupu na mgeni ameegemea kiti, kifungo cha juu amekifungua, anapumua kwa mdomo.

Akamgeukia Dirisha kwa mara ya kwanza. "Mbona hukuniambia," alinong'ona, "kwamba haiwezekani?"

"Ningekuambia ungeona mimi ni mtoto."

"Mimi nimekula zote. Mimi ni nani basi?"

Wakaangaliana, na cheko likawatoka wote wawili kwa pamoja, la kuumiza tumbo, maana nafasi ya kucheka tumboni haikuwepo.

Mama hakucheka. Alikuwa ameketi mwisho wa meza, mwiko mapajani. Mshauri akafungua daftari, akamuuliza taratibu, kama anavyouliza wateja wake: "Mama, ukipakua kidogo, unaogopa nini?"

Mama akaugeuza mwiko mapajani. "Huyu akimaliza kula huondoka. Anakwenda chumbani na simu yake." Akamtazama mwanawe, akaona haya, akatazama meza. "Sahani ndogo anaimaliza kwa dakika tano. Sahani kubwa inamkalisha."

Dirisha akafumba macho. Miaka yote alidhani analishwa, kumbe alikuwa anaombwa akae.

Kalamu ya mshauri ilisimama kidogo, kisha ikaandika. "Jambo moja la wiki hii," alisema. "Chakula hatukigusi. Kila jioni, saa nzima mezani na mama. Sahani iwe imejaa, iwe tupu, huinuki. Simu unaiacha mlangoni."

"Na picha zako?"

"Mama atazipiga."

Mama akazipiga. Nyingi zilikuwa za kidole gumba chake, lakini zilikuwa za kweli. Wiki ya kwanza mlima ulikuwa mlima. Ya pili, ukawa kilima, maana mtu anayesimulia husahau kupakua. Ya tatu mama mwenyewe akauliza hii mboga nusu ndiyo nusu ipi, akaanza kuipima kwa bakuli, na akawa mkali kuliko mshauri. Baada ya kula wakatembea pamoja mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, mama mbele. Utepe ukaanza kulegea.

"Wiki zimebaki ngapi?" Dirisha aliuliza jioni moja simuni.

"Mbili. Za kipimo chako."

"Mimi naulizia zile za ukutani kwako."

"Mbili pia."

"Basi kuna mtu anaomba muda uende, na mimi naomba usiende. Presha bado iko juu kidogo, mpenzi."

"Umesema nani?"

"Limeniponyoka."

"Lirudishe," alisema, "litoe tena wiki mbili zijazo."

Siku ya kipimo Dirisha aliingia zahanati ya shirika, mwisho wa jukwaa la stesheni, saa mbili kamili. Alitoka saa nne, karatasi mkononi, anatembea kama mtu aliyesahau kwamba ana miguu. Kwenye benchi, chini ya ukuta wa matangazo, aliketi dada mwenye gauni la njano, hereni ndogo, mdomo umepakwa rangi kidogo, begi dogo miguuni.

"Sukari imeshuka," Dirisha alisema. "Presha imepenya kwa ncha ya kucha. Nimepita."

Yule dada akafunika uso kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo. Alipovitoa, macho yalikuwa mekundu na mwanya wote uko nje. "Hongera," alisema. "Hongera sana."

"Mafunzo yanaanza Jumatatu. Ni mbali. Miezi sita, bweni, hakuna ruhusa ya kutoka." Akaketi kando yake. "Nimetoka kwenye boksi moja naingia jingine. Lakini hili lina mlango mwishoni. Nikirudi nakuja kwenu na mama kuposa. Utakuwepo?"

"Nitaangalia ratiba yangu."

"Mkataba umeisha?"

"Tangu saa mbili, ulipoingia mlango ule."

"Umejuaje niliingia saa mbili?" Dirisha akatabasamu. "Umekaa hapa masaa mawili unanisubiri."

"Nikusubiri wewe? Usijivune." Akavuta begi karibu. "Nasafiri. Nina mteja huko mwisho wa njia ya mlimani. Nasubiri treni ya saa tano."

"Ya saa tano."

"Ndiyo. Huwa haichelewi."

"Behewa la ngapi?"

"La pili. Dirishani."

Dirisha akaikunja karatasi yake polepole, akaitia mfukoni. "Bi Sahani."

"Abee."

"Njia ya mlimani imefungwa tangu juzi. Wanabadilisha reli mpaka mwezi ujao. Tangazo nimelibandika mimi mwenyewe, liko nyuma ya kichwa chako."

Akageuka taratibu. Lilikuwepo, herufi nyekundu, kubwa kama viatu. Alilisoma lote mpaka chini, pamoja na muhuri, kama mtu anayetarajia limalizike vingine.

"Basi," alisema akiwa bado ameupa ukuta uso, "huyo mteja itabidi nimpigie simu."

"Mpigie. Anaitwa nani?"

Akafungua mdomo, na jina halikuja.